Somo la Kamchatka tumelisoma kinyume

Video ile ilizunguka dunia kwa siku moja. Ni chumba cha upasuaji mjini Petropavlovsk-Kamchatsky, mashariki ya mbali ya Urusi, asubuhi ya tarehe 30 Julai 2025. Kila kitu kinatikisika, na madaktari wamemzunguka mgonjwa wao, wamemshikilia kwa mikono asidondoke mezani. Hakuna anayekimbia. Wakati huohuo, kama kilomita 120 kutoka pale, chini ya sakafu ya bahari, tetemeko la ukubwa wa 8.8 lilikuwa linaendelea, mojawapo ya makubwa zaidi kupimwa tangu vyombo vya kisasa vianze kazi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti, ikikaribia saa sita za usiku, ardhi ilitikisika Kunar, mashariki mwa Afghanistan. Safari hii kipimo kilisoma 6.0 tu. Nishati iliyotoka Kunar ilikuwa kama sehemu moja ya 16,000 ya ile ya Kamchatka. Kamchatka hakuna aliyeripotiwa kuuawa na mtikisiko wenyewe. Kunar na majirani zake walizika watu zaidi ya 2,200, wengi wao wakiwa wamefikwa usingizini.

Matukio haya mawili yalizungumzwa kama habari mbili zisizohusiana. Ya kwanza ikasimuliwa kama ushindi wa teknolojia: ving'ora vililia, ujumbe ukafika kwenye simu, mamilioni wakapanda sehemu za juu, maisha yakaokolewa. Ya pili ikasimuliwa kama bahati mbaya ya watu maskini. Na katikati ya hizo mbili likarudi swali lilelile: kama Kamchatka waliweza kuonywa, kwa nini Kunar hawakuonywa? Naamini swali hilo limejengwa juu ya kosa. Tahadhari iliyofanya kazi Kamchatka ilikuwa ya bahari, yaani ya tsunami, si ya tetemeko. Kilichowalinda wale madaktari hakikuwa king'ora bali dari iliyobaki juu ya vichwa vyao, na dari haisimamishwi asubuhi ya tetemeko. Tukiendelea kuichukua Kamchatka kama hoja ya kununua vitambuzi vingi zaidi, tutapeleka fedha na matumaini mahali ambapo sehemu kubwa ya vifo haitokei.

Ili kuona kwa nini, inabidi kushuka chini ya ardhi kidogo. Ganda la juu la dunia halikuunganika kama ganda la yai. Limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole, sentimita chache kwa mwaka, mwendo unaokaribia ule wa kukua kwa kucha. Kando ya Kamchatka, bamba la Pasifiki linazama chini ya lile la bara kwa mwendo wa kama sentimita 8 kwa mwaka. Lakini halitelezi kwa ulaini. Pale yanapogusana yamekwama, na kila mwaka unaopita huongeza mkazo. Tetemeko kubwa la mwisho pale, la ukubwa wa 9.0, lilikuwa la mwaka 1952. Zidisha sentimita 8 kwa miaka 73 utapata karibu mita 6 za mwendo uliocheleweshwa. Sehemu kubwa ya deni hilo ndiyo iliyolipwa ndani ya dakika chache mwezi Julai, kwenye mpasuko wenye urefu wa kama kilomita 500. Bamba hilohilo linapozidi kuzama hubeba maji yaliyonaswa ndani ya miamba yake. Kwenye kina kirefu maji hayo huachiliwa, hushusha kiwango cha joto ambacho mwamba wa juu yake huyeyukia, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda. Ndiyo maana safu ya volkano za Kamchatka imejipanga sambamba na pwani, na ndiyo maana volkano na matetemeko makubwa huonekana pamoja kwenye ramani. Mzazi wao ni mmoja, ingawa tabia zao hazifanani, na nitairudia tofauti hiyo kwa sababu ndiyo inayochanganya watu.

Afghanistan haina bahari wala bamba la bahari linalozama karibu. Huko bara Hindi linaisukuma Asia, na ganda la nchi kavu limekunjamana na kuvunjika vipande. Nyufa ni nyingi, na zingine zinapita moja kwa moja chini ya vijiji. Tetemeko la Agosti lilianzia kina cha kama kilomita 8. Hapo ndipo namba ya kwenye vichwa vya habari inapotudanganya. Ukubwa wa tetemeko unapima chanzo: eneo la ufa lililopasuka, umbali lililoteleza, na ugumu wa mwamba. Haupimi kilichoifikia nyumba. Ngoma kubwa ikipigwa ng'ambo ya mto, uliye upande huu unaisikia kama mvumo, ilhali ngoma ndogo ikipigwa kando ya sikio lako inakutoa kitandani. Wanasayansi wana kipimo kingine, cha ukali wa mtikisiko mahali fulani, na hicho hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa ndani ya tetemeko lilelile. Vyombo vya habari havikitaji kwa sababu hakina namba moja ya kuwekwa kwenye kichwa cha habari. Badala yake tunaendelea kuandika "kipimo cha Richter", mizani iliyotengenezwa mwaka 1935 kwa matetemeko ya kusini mwa California, wakati matetemeko makubwa yanapimwa kwa mizani tofauti tangu miaka ya 1970.

Umbali na kina navyo havitoshi kueleza kila kitu. Tarehe 28 Machi mwaka huohuo, ufa wa Sagaing nchini Myanmar ulipasuka kwa mamia ya kilomita, ukubwa wa 7.7. Kamera ya ulinzi iliyokuwa karibu na ufa ilinasa jambo ambalo wanajiolojia walikuwa hawajawahi kuliona likitokea mbele ya macho. Langoni kunatikisika, kisha upande mmoja wa dunia unateleza kando ya upande wa pili, bustani na ukuta na njia vyote pamoja, kama mtu anayevuta mkeka. Watafiti waliopima picha hizo walipata mita 2.5 kwa muda wa sekunde 1.3. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nashangazwa na jinsi vitu vilivyo kila upande wa ule mstari vilivyobaki vimesimama. Mandalay, mji ulio kwenye njia ya ufa huo, uliharibiwa vibaya, na hilo lilitarajiwa. Ambalo wengi hawakulitarajia ni jengo refu la serikali lililokuwa likijengwa Bangkok, takriban kilomita 1,000 kutoka kitovu, kuporomoka lote na kuwafunika makumi ya wafanyakazi. Bangkok imekaa juu ya udongo laini uliojaa maji, na udongo wa namna hiyo huyakuza mawimbi ya polepole yanayosafiri mbali, yaleyale yanayoyayumbisha majengo marefu. Mexico City ilifundishwa jambo hilo mwaka 1985, pale tetemeko lililotokea pwani, zaidi ya kilomita 300 mbali, lilipochagua majengo ya ghorofa za kati yaliyosimama juu ya ziwa la kale lililokauka na kuyaangusha, na kuacha mengine yaliyo jirani. Hata hivyo majengo mengine marefu ya Bangkok yalikuwa mengi siku ile, juu ya udongo uleule, na yalisimama.

Sasa hoja ya wanaotetea mifumo ya tahadhari. Sitaki kuipuuza, kwa sababu kwenye uwanja wake ina nguvu kamili. Tsunami husafiri kwenye bahari kuu kwa kasi ya ndege ya abiria, lakini Pasifiki ni pana. Mawimbi ya Kamchatka yalichukua kama saa sita kufika Hawaii. Saa sita ni muda wa kuhamisha mji. Nchini Japani karibu watu milioni mbili walishauriwa kuhama, na walipata muda. Asiyetaka kuwekeza kwenye vitambuzi vya baharini baada ya kuona hilo ana moyo mgumu. Tetemeko la Chile la mwaka 2010 linathibitisha hilohilo kutoka upande wa pili: majengo yalisimama vizuri kuliko karibu nchi yoyote ingefanya, lakini tahadhari ya tsunami ilifutwa mapema, na watu waliobaki pwani wakachukuliwa na maji. Upo pia mfumo wa aina nyingine, ule wa sekunde. Tetemeko hutoa mawimbi ya kwanza yenye kasi ya kama kilomita 6 kwa sekunde, ambayo hugonga tu, na ya pili yenye kasi ya kama kilomita 3.5, ambayo ndiyo hubomoa. Vyombo vikiyanasa ya kwanza, ujumbe wa redio unaweza kuyatangulia ya pili. Japani mwaka 2011 treni za mwendo kasi zilifunga breki na hakuna abiria aliyekufa ndani yake. Mexico ina mfumo kama huo tangu mwaka 1991, na unafaa hasa kwa sababu matetemeko yake mengi huanzia pwani, mbali na mji mkuu.

Lakini chukua kalamu upige hesabu ya Kunar. Kijiji kilicho kilomita 20 kutoka kwenye chanzo hufikiwa na wimbi la kwanza baada ya sekunde 3 na kidogo, na la pili kabla ya sekunde 6 kutimia. Chombo kinahitaji muda kutambua, kompyuta muda wa kukadiria, mtandao muda wa kusambaza. Hapo sekunde zimekwisha. Eneo la karibu na kitovu, ambako ndiko watu wengi hufa, ndilo hasa ambalo mfumo huu hauwezi kulihudumia, na hakuna kiasi cha fedha kitakachobadilisha kasi ya mawimbi. Tuseme hata zingepatikana sekunde 10. Mama aliyelala na watoto watano kwenye nyumba ya mawe na udongo, giza totoro, mlango mmoja, atafanya nini kwa sekunde 10? Sekunde hizo zina thamani kwa mwenye meza imara ya kujikinga chini yake na jengo ambalo litabaki limesimama. Tahadhari ni nyongeza juu ya jengo zuri, haikai badala yake.

Kuna kundi linalokwenda mbali zaidi, linalosema matetemeko yanaweza kutabiriwa na kwamba ama wakubwa wanaficha au wataalamu wanapuuza dalili. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, lakini ndiyo inayosambaa upesi zaidi. Katikati ya mwaka 2025 uvumi kwamba janga kubwa lingeikumba Japani tarehe 5 Julai uliwafanya watalii kufuta safari, hadi mashirika ya ndege ya Hong Kong yakapunguza safari, na idara ya hali ya hewa ya Japani ikalazimika kutoa kauli. Tarehe ikapita. Lilipokuja tetemeko la Kamchatka wiki tatu baadaye, waumini wa uvumi walidai hilo ndilo lililokusudiwa, ingawa siku si yenyewe na nchi si yenyewe. Utabiri unaoweza kutumika lazima utaje mahali, wakati na ukubwa, na uwe wa kukataliwa ukikosea. Matetemeko ya ukubwa wa 5 na zaidi hutokea zaidi ya 1,000 kila mwaka duniani, kwa hiyo anayesema "wiki hii patatikisika mahali fulani" hawezi kukosea, wala hajamsaidia mtu.

Sayansi ilijaribu kwa dhati, na majaribio hayo hayatajwi vya kutosha. Mwezi Februari 1975 China iliwatoa watu majumbani Haicheng kabla ya tetemeko kubwa, na dunia ikaamini kitendawili kimeteguliwa. Kumbe Haicheng ilikuwa na mfululizo mkubwa wa mitikisiko midogo ya kutangulia, jambo ambalo matetemeko mengi hayana. Mwaka mmoja na nusu baadaye, usiku wa tarehe 28 Julai 1976, Tangshan ilianguka bila onyo lililotambuliwa, na takwimu rasmi ziliwahesabu waliokufa kuwa zaidi ya 240,000. Wamarekani nao walikiangalia kijiji cha Parkfield, California, ambako matetemeko ya ukubwa wa 6 yalikuwa yakirudi kwa mpangilio. Wakatangaza kwamba jingine lingekuja kabla ya mwaka 1993 kwisha, wakajaza vyombo kila kona, wakangoja. Lilikuja Septemba 2004, miaka 11 nyuma ya ahadi, na vyombo vyote vile havikunasa dalili ya kuaminika hata moja. Sina ushahidi mzito zaidi ya huo: watu wenye ujuzi, fedha na nia njema, kwenye ufa unaofahamika kuliko karibu mwingine wowote, na ardhi haikusema kitu. Tarehe 9 Machi 2011 ulitokea mtikisiko wa ukubwa wa zaidi ya 7 baharini mashariki mwa Japani. Leo tunajua ulikuwa utangulizi wa tetemeko la 9.0 la siku mbili baadaye. Siku ile hapakuwa na alama yoyote ya kuutofautisha na tetemeko la kawaida lililokwisha.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile, nalo ni kuwatuliza watu kwa jambo lisilojulikana. Mjini L'Aquila, Italia, mwaka 2009, baada ya wiki kadhaa za mitikisiko midogo, ofisa mmoja aliambia televisheni kwamba hali ilikuwa nzuri kwa kuwa nishati ilikuwa inapungua kidogo kidogo. Si kweli kisayansi: inahitajika mitikisiko 32 ya ukubwa wa 5 kulipa deni la tetemeko moja la 6. Baadhi ya familia zilizozoea kulala nje kila ardhi inapotikisika, kama wazee wao walivyofanya, zilibaki ndani usiku wa tarehe 6 Aprili, na watu 309 wakafa. Kesi iliyofuata ilisimuliwa duniani kama wanasayansi kufungwa kwa kushindwa kutabiri. Shitaka halikuwa hilo, lilikuwa la kuwatuliza watu bila msingi. Wanasayansi sita waliachiwa kwenye rufaa, na hukumu ya yule ofisa ikapunguzwa. Ninachokiona hapo ni kwamba desturi ya wazee ya kulala nje ilikuwa na hekima kuliko kauli ya kitaalamu iliyotolewa kwa haraka, maana desturi ile ilikuwa inazijua nyumba.

Volkano ndiyo inayowafanya watu wadhani matetemeko nayo yanatabirika. Magma lazima ipande, na ikipanda huvunja miamba, huvimbisha mlima, hutoa gesi. Mlima una dalili. Ufilipino mwaka 1991, Pinatubo ilianza kutoa dalili miezi kadhaa kabla, wataalamu wakatega vyombo, wakachora ramani, makumi ya maelfu wakahamishwa, na mlipuko wa tarehe 15 Juni, wa pili kwa ukubwa katika karne ya 20, ukakuta maeneo ya karibu yameachwa wazi. Inakadiriwa watu wasiopungua 5,000 waliokolewa. Hata pale, wengi wa waliokufa siku ya mlipuko waliangukiwa na mapaa yaliyoelemewa na majivu yaliyolowa mvua ya tufani. Na onyo lenyewe halitoshi asipokuwepo wa kulibeba. Colombia mwaka 1985, ramani ya hatari ya volkano ya Nevado del Ruiz ilikuwa imekamilika mwezi mmoja kabla. Mlipuko wa Novemba 13 ulikuwa mdogo, lakini uliyeyusha barafu ya kileleni, na tope likateremka mabondeni kwa zaidi ya saa mbili kabla ya kufika mji wa Armero. Zaidi ya saa mbili, na juu ya mji kulikuwa na vilima ambavyo mtu angevifikia kwa miguu. Karibu watu 23,000 walikufa.

Kwa hiyo turudi kwenye dari. Mimi si mhandisi, lakini nimewahi kusimama kwenye eneo la ujenzi nikimtazama fundi akikunja ringi, zile pete za chuma chembamba zinazozifunga nondo za nguzo. Alikuwa akikunja ncha zake kwa pembe ya mraba, digrii 90, na kuendelea na nyingine. Nilipouliza, alisema kukunja hadi ndani, digrii 135, kunachosha mkono na zege likishamwagwa hakuna atakayeona. Alisema kweli, hakuna atakayeona, hadi siku nguzo itakapoyumbishwa. Zege la nje litapasuka na kudondoka, ringi ya mraba itafunguka kama kifungo, nondo zitapinda kwa nje, na ghorofa zote za juu zitashuka. Ringi iliyokunjwa ncha zake ndani ya kiini cha zege haifunguki. Nguzo yake hupasuka na kuharibika, lakini inabeba, na watu wanatoka. Sehemu kubwa ya elimu ya kujikinga na matetemeko ina sura hiyo ya unyenyekevu: ringi zilizokaribiana pale nguzo inapokutana na boriti, mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya milango, jiwe refu linalopenya ukuta mzima kuunganisha nyuso zake mbili, paa jepesi badala ya udongo mzito juu ya magogo, ghorofa ya chini isiyoachwa kuwa nguzo tupu kwa ajili ya maduka.

Hapa ndipo hoja nzito zaidi dhidi yangu inapokuja: haya yote ni anasa. Aliyejenga kwa mawe na udongo hakufanya hivyo kwa ujinga, bali ndivyo vilivyopatikana. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, na makadirio ya vifo, ingawa yanatofautiana sana, mengi yanavuka 100,000. Wiki sita baadaye Chile ilipigwa na la 8.8, nishati mara 500, wakafa watu 525. Chile ni tajiri kuliko Haiti, hoja imekwisha? Haijaisha. Chile ilianza kukaza kanuni zake muda mrefu kabla ya kufikia utajiri wa leo, na tetemeko la 9.5 la mwaka 1960, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, likaongeza msukumo. Sheria yake inamfanya anayeuza jengo kwa mara ya kwanza awajibike kwa kasoro za muundo wake kwa miaka 10, kifungu ambacho hakigharimu serikali hata mfuko wa saruji. Na ipo Uturuki, ambayo si nchi maskini, iliyokuwa na kanuni nzuri kwenye karatasi. Mwaka 2018 serikali yake ilifungua dirisha la msamaha, wenye mamilioni ya majengo yaliyokiuka taratibu wakalipa ada na kuhalalishiwa. Februari 2023 zaidi ya watu 53,000 walikufa nchini humo. Mji mdogo wa Erzin, ndani ya mkoa ulioharibiwa vibaya, haukupata kifo. Meya alisema ni kwa sababu hawakuruhusu ujenzi holela, wanajiolojia wakaongeza kwamba mji uko juu ya ardhi ngumu kuliko majirani zake. Nadhani wote wawili wana haki, na nisingependa Erzin itumiwe kama hirizi. Lakini inaonyesha kwamba utajiri pekee si jibu, na umaskini pekee si maelezo.

Ninachokikubali bila kubisha ni kwamba huwezi kuiagiza familia isiyo na kitu ibomoe nyumba na kujenga upya. Mzigo wa kwanza lazima ubebwe na serikali na wafadhili, na uanze kwenye majengo ambayo watu hulazimishwa kuwa ndani yake: shule na hospitali. Nepal mwaka 2015 ilipigwa Jumamosi, karibu adhuhuri, wakati madarasa hayana mtu. Maelfu ya madarasa yalianguka matupu. Ingekuwa Ijumaa saa ileile, tungekuwa tunazungumzia kizazi kilichopotea, kama wazazi wa Sichuan wanavyozungumza tangu 2008, ambako kwa hesabu rasmi zaidi ya wanafunzi 5,000 walikufa shuleni. Ila katika bonde la Kathmandu zilikuwepo shule ambazo zilikuwa zimeimarishwa miaka ya nyuma, na mafundi waliofanya kazi hiyo walikuwa mafundi wa kawaida wa mitaani waliofundishwa. Zilisimama. Hakuna mtandao wa vitambuzi uliofanya hivyo, na gharama ya kuimarisha darasa ni ndogo kuliko ya kulijenga upya.

Hata ushindi wa bahari wa Kamchatka ulikuwa na mizizi ya namna hii. Mji wa Severo-Kurilsk ulifutwa na tsunami ya mwaka 1952, watu zaidi ya 2,000 wakafa. Uliporudishwa, ulijengwa kwenye uwanda wa juu. Julai 2025 maji yalipoingia, yalichukua bandari na majengo ya ufukweni, wakati wakazi wakiangalia kutoka juu. King'ora kiliwasaidia waliokuwa bandarini. Waliokuwa majumbani walikuwa wamekwisha saidiwa na mtu aliyechora ramani ya mji miaka 70 iliyopita.

Kila tetemeko hufungua muda mfupi ambao maamuzi ya namna hiyo yanawezekana, na muda huo haudumu. Kwenye milima kama ya Kunar, hema halivumilii majira ya baridi, na barafu haingoji mradi upite kwenye vikao. Familia itaokota mawe yaleyale yaliyoua na kuyapanga tena mahali palepale, kwa sababu ndiyo yaliyopo. Msaada unaofika wiki za kwanza ni blanketi, unga na dawa, na vyote vinahitajika. Kwenye lori hilohilo kuna nafasi ya mbao za kufunga kuta, waya, mabati mepesi na fundi mmoja anayejua mkanda unapita wapi, na akifika kabla ukuta haujafika kimo cha dirisha bado ana la kufanya.